Maji ya Moto, Barafu na Nafsi ya Mpimaji

Mwanafunzi aingiapo katika maabara kwa mara ya kwanza hufundishwa kuvitilia shaka vyombo vyake. Huambiwa kwamba mizani yaweza kuwa haikusimama sawa, kwamba kila kipimajoto kina kasoro yake, na kwamba jicho likitazama mstari wa kipimo kwa upande litasoma tarakimu isiyo sahihi. Mafundisho hayo ni ya lazima. Hata hivyo, kipo chombo kimoja kitumikacho katika kila jaribio ambacho aghalabu hakitajwi kabisa, nacho ni nafsi ya mtu mwenyewe apimaye. Nafsi ina mapendeleo yake. Hupenda kuonekana kuwa inajua. Huchukia kukosolewa mbele ya watu. Na ikishatoa kauli, hutafuta kila njia ya kuitetea.

Katika makala haya tutachunguza jinsi nafsi inavyoingia katika kazi ya sayansi, na jinsi ushirikiano pamoja na desturi za kila siku za maabara zinavyoizuia isiharibu vipimo. Mfano wetu mkubwa unatoka hapa hapa Tanzania, nao ulianza kwa maziwa, sukari na jokofu la shule.

Swali la Magamba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, katika milima ya Usambara. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na mazoea ya kujitengenezea askirimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba na walioitaka walikuwa wengi. Siku moja mwenzake mmoja, akihofia kukosa nafasi, aliyatia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye akaona kwamba akingoja maziwa yake yapoe atakikosa chombo cha mwisho cha kugandishia. Basi akayatia yakiwa bado moto. Walipofungua jokofu baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu kama uji.

Mpemba alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo. Alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwa maana haliwezekani. Kwa wakati ule akalikubali jawabu hilo. Lakini katika likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza askirimu mjini Tanga, naye akamweleza kwamba hutia maziwa yakiwa moto ili yagande upesi. Hivyo jambo lililosemwa darasani kuwa haliwezekani lilikuwa likitegemewa na watu wa biashara mjini.

Baada ya kidato cha nne Mpemba alichaguliwa kuendelea na masomo katika Shule ya Mkwawa, Iringa. Huko walisomeshwa habari za joto, wakafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa. Kanuni hiyo husema kwamba kasi ya kupoa kwa kitu hulingana na tofauti iliyopo kati ya halijoto ya kitu hicho na ile ya mazingira yake. Mpemba akauliza tena swali lake. Mwalimu akakataa, na alipoona kwamba kijana hatoki katika swali, akaufunga mjadala kwa kumwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila Mpemba alipokosea katika hesabu aliambiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaipokea dhihaka hiyo.

Tusimhukumu mwalimu huyo kwa haraka. Hoja yake ilikuwa na msingi. Ikiwa maji ya nyuzi 100 yanapoa, sharti yapite katika nyuzi 35 kabla ya kufika sifuri. Na yakishafika nyuzi 35, yanakuwa yamefika pale ambapo maji mengine yalianzia safari. Yawezaje basi aliyechelewa kuondoka akamtangulia aliyemtangulia? Hoja hii ni nzuri, na mwalimu yeyote angeweza kuitoa. Kosa halikuwa katika hoja. Kosa lilikuwa kuitumia hoja kuwa kufuli badala ya kuitumia kuwa sababu ya kupima. Jokofu lilikuwepo, maji yalikuwepo, na saa ilikuwepo. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuacha kuwa swali la maziwa, likawa swali la nani anajua zaidi ya nani. Swali likifika hapo, hakuna kipimajoto kiwezacho kulijibu.

Bika mbili

Sasa tumtazame mwanafunzi, maana nafsi haikai kwa wakubwa peke yao. Kijana aliyechekwa na darasa zima huwa na njia mbili zilizo rahisi: kunyamaza kabisa, au kushika neno lake kwa ukaidi bila kujali ushahidi. Mpemba hakushika hata moja. Alasiri moja aliikuta maabara ya elimu ya viumbe iko wazi na hamna mwalimu. Alichukua bika mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na ya pili maji ya moto, akazitia zote katika jokofu la maabara. Baada ya saa moja aliona kuwa maji hayakuwa yameganda yote, ila katika bika iliyotiwa maji ya moto barafu ilikuwa nyingi zaidi.

Hapo ndipo penye funzo. Matokeo yalikuwa upande wake, na kwa mtu aliyedhihakiwa hayo yangemtosha kutangaza ushindi. Lakini yeye aliamua kwamba jaribio hilo halikutoa uthibitisho kamili, akakusudia kulirudia apatapo nafasi. Kijana huyo alikuwa amekwisha kupiga hatua kubwa kuliko kufaulu mtihani: alikuwa ameanza kuwa mkali kwa ushahidi wake mwenyewe kama walivyokuwa wakali kwake wengine.

Mgeni, fundi na mwanafunzi

Wakati huo Dakta Denis Osborne alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho siku hizo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Baada ya mazungumzo wanafunzi waliuliza maswali. Mpemba akasimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za sentigredi na kingine nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka.

Osborne ameandika kwamba yeye mwenyewe alidhani kijana amekosea. Lakini alikumbuka kwamba kazi yake ni kuwajenga wanafunzi katika tabia ya kuuliza, akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu jambo hilo. Ahadi hiyo ndiyo tofauti yote kati yake na walimu waliomtangulia. Haimlazimu mtu kuamini jambo ili akubali kulipima.

Aliporudi, alimpa kazi hiyo fundi mmoja kijana wa maabara. Fundi alirudi na habari kwamba ni kweli, maji ya moto yametangulia kuganda; lakini akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jawabu lililo sahihi. Maneno hayo huchekesha, lakini tuyaangalie vizuri. Fundi alikuwa na jawabu lake moyoni kabla ya kupima, kama walivyokuwa nalo walimu. Kilichomwokoa ni kwamba nia yake ilikuwa kurudia kazi. Maji hayakuijali imani ya fundi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliyachapisha maelezo yao kwa pamoja katika jarida la *Physics Education* la Uingereza. Mpemba wakati huo alikuwa mwanafunzi katika chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilicho karibu na Moshi. Jina la mwanafunzi lilitangulia la mhadhiri, na kila mmoja alieleza sehemu yake ya habari. Katika mwaka huo huo George Kell wa Kanada naye alichapisha makala juu ya jambo hilo hilo. Kumbe hata wazee wa kale waliligusa: Aristotle alilitaja huko Ugiriki, Francis Bacon akaligusa mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Siku hizi jambo hilo hujulikana duniani kote kwa jina la Mpemba. Jina lililotumiwa kumdhihaki darasani limeingia katika vitabu.

Sababu zake, na shaka iliyobaki

Msomaji atataka kujua mambo gani huweza kuyafanya maji ya moto yatangulie. Kwanza, maji ya moto hutoa mvuke mwingi. Mvuke huo huondoka na joto, na pia hupunguza kiasi cha maji kilichobaki. Pili, ndani ya chombo maji ya moto hupanda na yaliyopoa hushuka, hivyo sehemu ya juu hubaki na joto zaidi na kulipoteza kwa kasi. Osborne aliweka bika zenye sentimita za ujazo 70 za maji juu ya kipande cha povu la plastiki lisilopitisha joto. Alipofunika uso wa maji kwa utando wa mafuta, kuganda kulichelewa sana. Hilo lilionyesha kwamba katika jaribio lile joto lilipotea zaidi kwa juu. Tatu, kuchemsha hufukuza gesi zilizoyeyuka katika maji. Osborne alitumia maji yaliyokwisha kuchemshwa katika bika zote, kwa hiyo gesi hizo hazikuweza kuwa sababu ya tofauti aliyoiona. Nne, mara nyingine maji hushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda, na kiasi cha kushuka huko hutofautiana kutoka chombo hata chombo. Tano, chombo cha moto kikiwekwa juu ya tabaka la barafu nyembamba ndani ya jokofu huiyeyusha, kikagusana vizuri zaidi na sehemu iliyo baridi.

Tukiziangalia sababu hizo, twaona kwamba kila moja hutegemea jinsi jaribio lilivyopangwa. Ndiyo maana mjadala haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden huko Uingereza walichapisha uchunguzi wao katika jarida la *Scientific Reports*. Walipima muda ambao maji huchukua kufika nyuzi sifuri, na hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hutangulia. Tena walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu, juu au chini, kwaweza kuleta tofauti inayofanana na jambo hilo. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer huko Kanada walieleza katika jarida la *Nature* jinsi walivyoonyesha wazi kupoa kwa namna hiyo katika punje ndogo mno ya kioo ndani ya maji, iliyosukumwa kwa nguvu za mwangaza wa leza.

Je, shaka hizo zinampunguzia Mpemba heshima? Hata kidogo. Yeye aliuliza kwa uaminifu juu ya kitu alichokiona, akapima, akatafuta wa kupima naye. Mwenye kushikilia kwamba Mpemba lazima awe sahihi kwa kuwa ni mwenzetu anafanya lile lile walilofanya waliomcheka: anaamua kwa mtu, haamui kwa kipimo.

Mionzi isiyokuwepo

Huenda mtu akadhani kwamba dawa ya nafsi ni elimu kubwa, au kwamba ni kufanya kazi pamoja. Mfano wa pili utatuonyesha kuwa peke yake hivyo havitoshi.

Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia mwenye sifa njema katika mji wa Nancy, Ufaransa, alitangaza kwamba amegundua mionzi mipya. Aliiita mionzi ya N, kwa heshima ya mji wake. Dalili ya mionzi hiyo ilikuwa kuongezeka kidogo kwa mwangaza hafifu, nako kulitazamwa kwa macho katika chumba chenye giza. Wataalamu wengi wa Ufaransa walithibitisha kuwa nao wameiona, na makala mengi yakachapishwa. Lakini katika nchi nyingine wapo waliojaribu wasione kitu. Mwaka 1904 Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, alikwenda Nancy kujionea. Gizani, bila ya kusema neno, aliiondoa prizimu ya alumini iliyokuwa kiini cha jaribio. Wenyeji wake wakaendelea kusoma vipimo vile vile kana kwamba prizimu ipo. Wood aliandika habari hiyo katika *Nature*, na imani katika mionzi ya N ikafifia upesi nje ya Ufaransa.

Blondlot hakuwa mwongo. Aliona alichotazamia kuona. Wala hakukosa washirika. Alikuwa nao wengi, ila walikuwa washirika wa kuafikiana. Ushirikiano unaofaa katika sayansi ni ule wa kukaguana: wewe hupima kwa njia yako nami kwa yangu, tena bila ya kuambiana jawabu kwanza. Osborne na Mpemba hawakuwa na imani moja walipoanza, na hiyo ndiyo iliyoipa nguvu kazi yao.

Desturi kama kinga

Tukiyafahamu hayo, desturi za maabara ambazo wanafunzi huziona kuwa za kuchosha zitapata maana mpya. Kila moja iliwekwa ili kuzuia udhaifu fulani wa nafsi.

Kuandika kipimo papo hapo kwa wino, na kukata kosa kwa mstari mmoja bila kulifuta, huizuia kumbukumbu isiyapambe mambo yaliyokwisha kupita. Kurudia jaribio mara tatu au zaidi hutuzuia tusilichague lile lililotufurahisha. Kubadilisha jambo moja tu kwa wakati hutuzuia tusilipe jambo tulipendalo sifa isiyokuwa yake. Kumpa kazi ya kusoma kipimo mtu asiyejua chombo kipi ni kipi hulizuia jicho lisiitii tamaa. Kama desturi hiyo ingalifuatwa Nancy, mionzi ya N isingalitangazwa.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, kila jioni tuliokuwa katika utafiti tulibadilishana madaftari, kila mmoja akasoma kazi ya mwenzake ya siku hiyo na kutia sahihi. Kwa miezi ya mwanzo zoezi hilo lilionekana kama kazi ya karani. Baadaye lilileta badiliko ambalo halikuandikwa katika masharti yoyote: watu walianza kukosoana bila kinyongo, kwa kuwa kukosolewa kulikuwa kumekwisha kuwa sehemu ya jioni ya kila siku, kama kufunga madirisha. Jambo lifanywalo kila siku huacha kuumiza. Hivi ndivyo mtu anavyokua. Hakui kwa azimio moja kubwa la kuacha majivuno. Hukua kwa kitendo kidogo kinachorudiwa mpaka kikawa tabia. Haba na haba hujaza kibaba.

Zoezi la darasani

Shule yenye jokofu inaweza kulifanya zoezi hili katika juma moja. Tafuteni vikombe viwili vilivyo sawa vya bati au plastiki ngumu. Msitumie kioo chembamba, kwa maana huweza kupasuka. Mwalimu mwenyewe ndiye amimine maji ya moto. Pimeni kiasi kilicho sawa cha maji yaliyokwisha kuchemshwa: kikombe kimoja kiwe cha nyuzi 35, na kingine cha moto sana. Viwekeni juu ya kipande cha ubao, mbali kidogo na kuta za jokofu.

Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake jawabu analolitazamia na sababu yake, na mwalimu naye aandike lake. Kisha kubalianeni maana ya neno kuganda: je, ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni maji yote kuwa barafu? Bila mapatano hayo darasa litabishana juu ya maneno. Fungueni jokofu kwa nyakati zilizopangwa, na msomaji wa vipimo awe mwanafunzi ambaye hakuona vikombe vikijazwa. Rudieni siku tatu, mkibadilishana mahali pa vikombe kila siku.

Matokeo yakifanana na yale ya Mpemba, au yakifanana na yale ya Burridge na Linden, zoezi litakuwa limefaulu vile vile. Siku ya mwisho mwalimu na asome mbele ya darasa jawabu lake aliloliandika mwanzoni, kisha asome vipimo, na kuwaomba wanafunzi waseme kama vinaafikiana. Mwanafunzi atakayemwonyesha mwalimu kwamba haviafikiani, na mwalimu akamshukuru, darasa zima litakuwa limejifunza fizikia ambayo haimo katika kitabu chochote cha kidato cha tatu.